Neti ya Kandideti

Neti mpya ya mbu ina harufu ambayo sijui kuieleza vizuri. Si dawa kamili na si nguo kamili. Inakwaruza koo kidogo, kama moshi wa plastiki uliokwisha kupoa. Wiki mbili baada ya kumzika dada yangu Awuor, mimi na mama tulikwenda Ahero kutoa vitu vyake katika chumba alichokuwa amepanga, na chini ya kitanda tukakuta neti ikiwa bado ndani ya pakiti. Mama aliipasua pakiti kwa meno aone kama ni nzima. Harufu ikatoka. Nikaenda nje, nikasimama karibu na mtaro, na mama akadhani nimeenda kulia. Sikuwa nalia. Nilikuwa na umri wa miaka tisa tena, na nilikuwa na wivu.

Awuor hakukulia kwetu. Tangu akiwa mdogo aliishi Kericho kwa shangazi yetu, na mimi nilimjua kama mtu wa Krismasi, msichana mrefu mwembamba aliyefika na sweta wakati sisi tunatokwa na jasho. Alipomaliza kidato cha tatu, baba alimleta nyumbani moja kwa moja, akaingizwa shule ya kutwa kando ya barabara ya Busia. Hakuna aliyeniambia sababu. Tuliishi nyuma ya soko la Otonglo katika nyumba ya mabati ya vyumba viwili. Mama alinunua omena, dagaa wa ziwani, kwenye boti, akawaanika ufuoni, akawauza sokoni kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Baba alifanya kazi kwenye mashine ya mchele Ahero na kurudi Jumamosi. Chumba cha pili kilikuwa changu. Siku Awuor alipofika, mama alitoa nguo zangu akazipeleka chumbani kwake mwenyewe.

"Utalala na mimi," aliniambia. "Dada yako ni kandideti. Asiugue."

Ninyi wa rika langu mnajua neno hilo lilikuwa na uzito gani. Kandideti, mtahiniwa wa kidato cha nne, alikuwa kama mgeni, kama mjamzito na kama mchungaji, vyote pamoja. Kwa hiyo sikushangaa. Niliamini kwamba yote niliyoyaona mwaka ule yalikuwa ya mtihani, na kwamba kila mtoto atakayefika kidato cha nne atafanyiwa hivyo. Awuor alichemshiwa maji ya kuoga asubuhi na jioni, hata jua likiwaka. Awuor alipewa yai kila siku, na sisi tulikula omena. Baba akija na mchele uliokatika, ulikuwa wake. Hakuteka maji, hakupiga deki, hakusimama ufuoni upepo ukivuma. Alikuwa na chupa kubwa ya maji ya kunywa yaliyochemshwa, na kazi ya kuhakikisha haikauki ilikuwa yangu. Nilipoijaza niliitemea mate mara moja. Nasema mara moja kwa sababu ni kweli.

Alikuwa pia na vidonge vidogo vya manjano alivyokunywa baada ya uji. Nilijua ni vya akili. Siku moja niliiba kimoja, nikakilamba nikingoja akili ije. Hakikuwa na ladha yoyote. Nikakifuta kwa gauni nikakirudisha.

Ukutani alibandika ratiba kwa ugali. Sijaona ratiba nyingine kama ile, maana mstari mmoja ulikuwa wa somo na mstari uliofuata ulikuwa wa mwili. Saa kumi na moja, maji vikombe viwili. Chembe hai. Saa kumi na mbili, uji, yai, dawa. Mzunguko wa damu. Saa nane mchana, lala, hata kama hutaki. Biolojia ndiyo iliyopewa nafasi kubwa, kwa sababu alitaka kusomea kazi ya maabara, na alikuwa ameambiwa bila alama nzuri ya Biolojia asijisumbue kuomba.

Nami nikaandika yangu nyuma ya kalenda, nikaibandika chini ya yake. Mstari wa kwanza ulisema: Saa kumi na mbili, yai. Mama alipoiona alicheka hadi akamwita Mama Atieno, jirani yetu aliyeanika omena pamoja naye.

"Kuja uone huyu! Ameandika yai!"

"Yai?" Mama Atieno akainama kusoma. "Wewe Kadogo, kuku wako yuko wapi?"

Wakacheka wote wawili, mikono magotini. Awuor peke yake hakucheka. Kesho yake alinikatia nusu ya yai lake, na mama akaniona nikitafuna.

"Hilo ni la dada yako!"

"Nimempa mimi, Mama."

"Usimpe. Wewe ndiye unalihitaji. Huyu ana mwili kama trekta."

Nililia. Niliyemlilia si mama. Nilimlilia Awuor, kwa vile wema wake pia ulimfanya apendwe zaidi.

Na bado nilipenda kukaa naye. Njia yake ya kusoma ilikuwa kumfundisha mtu, na mtu aliyekuwepo ni mimi. Alisema usipoweza kumweleza mtoto, hujaelewa. Alasiri, akiamka, nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa naye akinifundisha hadi sauti ikauke. Alichukua omena mmoja kutoka kwenye beseni la mama, akainua kifuniko cha shavu lake kwa sindano, akanionyesha vile vinyuzi vyekundu. "Hapa ndipo anapovutia hewa. Hii inaitwaje?" Nikajibu, "Operkulamu." Shuleni nilimwambia mwalimu wetu neno hilo tukiwa tunasoma habari za samaki, akaniuliza kama nimemtukana.

Siku moja alichukua maharagwe, meupe na meusi, na vikombe viwili. Akatia katika kila kikombe moja jeupe na moja jeusi.

"Hiki ni baba. Hiki ni mama. Ukizaliwa, unachukua moja kwa baba na moja kwa mama bila kuangalia. Fumba macho. Chukua."

Nikachukua. Nikapata jeupe kwa baba, jeusi kwa mama.

"Wewe ni hivyo, pengine. Hatujui. Mimi nilipochukua," akasema, akaweka mawili meusi kwenye kiganja chake, "nilipata hivi."

"Meusi ni nini?"

"Ni mambo ya damu tu."

Niliangalia kiganja chake, nikaangalia changu. "Mbona wewe umepata mawili?"

Alicheka hadi akashika mbavu, na machozi yakamtoka. "Kadogo," akasema, "hata mimi nimeuliza hivyo hivyo."

Nilikwenda kulala nikiwa na uchungu kwa ajili ya yale maharagwe. Hata kabla ya kuzaliwa, nilijiambia, alikuwa ameshapendelewa.

Sasa nifike kwenye neti. Kliniki ilimpa mama neti moja mpya, nyeupe, na mama akaifunga juu ya kitanda cha Awuor. Ya zamani, ya bluu, iliyojaa matundu, ilitundikwa nyuma ya mlango ikingoja kazi ya omena, maana kwetu neti ikizeeka haitupwi, inakwenda ufuoni kuanikia samaki. Ukipita bichi utaona nyasi zimefunikwa neti za rangi zote, na omena juu yake waking'aa kama vijiko.

Zilibaki wiki tatu hivi kabla ya Biolojia. Shuleni kwetu tulikuwa tumepewa matokeo ya mwisho wa mwaka, nami nilikuwa nambari tatu. Sikuwahi kuwa nambari tatu. Nilikimbia njia nzima kutoka shuleni nimeibana ile karatasi kwapani. Mama alikuwa anachochea mkaa. Aliiangalia, akasema, "Vizuri sana. Sasa peleka haya maji kwa dada yako, na usimsumbue, anasoma."

Ndiyo hayo tu. Mama hakukosa lolote. Alisema vizuri sana.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mwezi ulikuwa gizani, wakati ambapo omena hupatikana kwa wingi, na boti zilifika zimejaa hadi mama akaishiwa pa kuanika. Akanituma, "Kimbia nyumbani ulete ile neti kuukuu iliyo nyuma ya mlango. Haraka, hawa watachacha."

Awuor alikuwa shuleni kwenye masomo ya ziada. Niliingia chumbani nikasimama mbele ya mlango, mkono ukiwa tayari juu ya ile ya bluu. Kisha nikageuka, nikapanda kitandani, nikafungua zile kamba nne za neti nyeupe moja baada ya nyingine. Ile ya bluu nikaifunga mahali pake. Nilifanya kazi nzuri, hata mafundo niliyakaza. Nataka ieleweke kwamba sikukosea neti.

Ufuoni mama alikuwa bado kwenye boti. Mama Atieno ndiye aliyenipokea.

"Hii si bado mpya? Siku hizi mmekuwa matajiri?"

"Mama amesema."

"Haya, kama amesema." Akaitandaza, akaipasua katikati kwa kisu ili itoshe sehemu mbili, akaikaza kwa mawe. Mama aliporudi na beseni kichwani alimwaga samaki bila kutazama chini. Jioni ile neti ilikuwa na rangi ya matope na magamba, hata mimi nisingeitambua.

Awuor aliporudi aliikuta ile ya bluu. Aliinua mkono, akaupitisha kwenye tundu moja hadi kwenye kiwiko.

"Mama amesema hiyo ndiyo yako sasa," nilimwambia.

"Mama amesema?"

"Ndiyo."

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa na umanjano kidogo siku zote, na nilikuwa nikiyaonea wivu hata hayo. Akasema, "Sawa. Niletee uzi." Akakaa kitandani akayafunga matundu, akilikusanya kila moja na kulizungushia uzi kama mdomo wa gunia. Mimi nilimshikia uzi. Mama hakuingia chumba kile siku hizo, kwa vile kandideti hakutakiwa kusumbuliwa.

Alianza mitihani vizuri. Akafanya Kiingereza, akafanya Hesabu. Karatasi ya kwanza ya Biolojia ilikuwa Jumatano. Jumatatu alfajiri niliamshwa na sauti niliyodhani ni ya mbuzi. Awuor alikuwa sakafuni ameshika miguu yake, mwili wake ukiwa moto kama sufuria, akiuma shuka ili asipige kelele. Mama alikuwa anamkanda na kumwita jina. Kisha nilimwona mama akiinua uso, akiiona neti ya bluu na yale mafundo ya uzi. Midomo yake ilifunguka, lakini pikipiki ilikuwa imefika. Wakampakia kati ya mama na dereva, wakaenda mjini.

Nilibaki kwa Mama Atieno siku mbili, nikingoja kuulizwa. Kila mlango ulipogongwa nilisimama. Nilisikia watu wazima wakisema malaria imeamsha ule mwingine, bila kusema ule mwingine ni upi. Nilisikia mwalimu mkuu amemwambia Awuor apumzike, atarudia mwaka ujao, naye akamjibu kwamba mwaka ujao hajaahidiwa na mtu. Wangemletea mtihani hospitalini.

Jumatano baba alinichukua tupeleke uji. Nikiwa nyuma yake kwenye ule ukumbi mrefu unaonukia dawa ya kusafishia, nilimwona askari. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango mmoja, bunduki mapajani. Baba alimsalimia akasema mgonjwa wa ndani ni binti yake. Askari akamwambia mtihani haujaisha, angoje. Baba akaenda kumtafuta mama, akaniacha pale na thamosi ya uji.

Nilijua amenijia mimi. Sikukimbia. Nilisogea hadi mbele yake nikaweka thamosi chini.

"Afande, ni mimi."

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi nilitoa neti."

Akainama. Alikuwa na uso mpana, wa mtu ambaye hajalala. "Neti gani, kasichana?"

Nikamweleza yote, kuanzia yai. Sikuwa nimewahi kumweleza mtu, na tangu siku hiyo sikumweleza mwingine kwa miaka mingi. Alisikiliza akiangalia mlango. Nilipomaliza nikanyoosha mikono yote miwili, kama nilivyoona watu wakifanya sokoni wakikamatwa.

"Rudisha mikono," akasema. "Mimi sikutumwa kushika mtu. Nimetumwa kulinda bahasha."

"Na mtu wa neti anashikwa na nani?"

Akafikiri kama mtu aliyeulizwa swali la kazi yake. "Huyo hashikwi. Huyo anajipeleka mwenyewe kwa mwenye neti."

Mlango ulipofunguliwa, mwalimu alitoka na bahasha, askari akasimama akamfuata. Alinigusa bega kidogo na kuondoka. Nikaingia.

Awuor alikuwa ameegemea mito, maji ya dripu yakiingia mkono wa kushoto. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Wamenichoma kushoto," alisema polepole. "Nimewaambia wa kulia leo ni wa serikali."

"Kulikuwa na maharagwe?"

"Yalikuwepo. Lakini wao wameyaita njegere." Akafumba macho akitabasamu. "Kadogo, nipe maji."

Nilishika kikombe, nikakiweka mdomoni pake, akanywa. Tulikuwa sisi wawili tu. Alinitazama juu ya ukingo wa kikombe, na nadhani alinipa nafasi. Nikasema, "Umemaliza?" Akasema, "Nimemaliza." Nikachukua kikombe.

Karatasi zilizobaki alizifanya shuleni, amejifunika sweta katika joto la Novemba. Ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilikaa mlangoni nikingoja kumwona akibeba ndoo kama watu wengine. Badala yake mama aliweka sufuria ya maji jikoni.

"Mama, si mtihani umeisha?"

"Umeisha."

"Sasa maji moto ni ya nini?"

Mama alifunika sufuria, akaniambia nikae. Ndipo akanieleza kwamba dada yangu alizaliwa na selimundu, ambayo watu wetu huiita sikoseli, kwamba damu yake haitaki baridi, haitaki kiu wala kuchoka, na mbu mmoja anaweza kumfanyia kile ambacho kwangu kingekuwa homa ya siku tatu. Baridi ya Kericho ndiyo iliyomrudisha kwetu. Hawakuniambia kwa sababu watoto husema, na watu wakisikia wangeanza kusema familia ina laana. Nikayakumbuka maharagwe meusi mawili kwenye kiganja. Mwaka mzima nilikuwa nimeuonea wivu ugonjwa.

Mtu ataniuliza kama ni ile neti. Sijui. Daktari hakusema ni neti. Mbu hukuuma hata ukiwa nje unaosha vyombo. Lakini mbu ana haki ya kutojua, na mimi nilijua neti ile ilikuwa ya nani.

Awuor alipata B ya Biolojia. Akasoma maabara, akaajiriwa kliniki moja Ahero, akawa mtu wa kutazama damu za wengine kwenye darubini. Mimi niliishia kidato cha pili. Nilitaka kuandika kwamba sikumlaumu mtu, lakini si kweli, nilimlaumu yeye, na bado nilipanda gari kila mwezi kumpelekea omena waliochambuliwa mchanga. Kwenye mazishi yake wagonjwa wake walisimama mmoja mmoja kumsifu, nikawaza kwangu mimi atasimama nani. Hilo nalo niliwaza, mbele ya jeneza.

Basi siku ile Ahero, harufu iliponiachia koo, nilirudi ndani. Mama alikuwa ameitandaza neti mpya kitandani aikunje.

"Huyu mtoto na neti," alisema. "Kumbe alikuja kuziheshimu akiwa mkubwa."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Si unakumbuka ile aliyoitoa kabla ya mtihani? Nilimuuliza pale hospitalini, homa iko juu. Akaniambia, Mama, mimi ndiye nilimpa Kadogo aipeleke bichi, ilikuwa inaniletea joto. Wee! Nilimkasirikia. Nilimwambia mbele ya daktari, wewe ni mjinga, umesoma bure."

Nilikumbuka jinsi, miaka yote, kila Awuor alipolazwa, mama alivyomwambia, "Si wewe na neti zako." Nilikuwa nikiisikia, nikiidhani ni utani wao wawili, utani nisiokuwemo, nami nikauonea wivu. Na sasa, katika chumba chenye vitu vya marehemu vilivyofungwa kwa kamba, niliona kwamba hata kosa langu alilipata yeye, na kwamba kati ya vyote alivyopewa, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa changu.

"Mama," nikasema, "si yeye. Ni mimi niliyeitoa. Nilijua ni mpya. Nilimdanganya kwamba umesema."

Mikono yake ilisimama. Nilijiandaa kwa kofi, kwa kilio, kwa swali la kwa nini. Jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa na miaka tisa. Hakuuliza. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaikusanya ile neti mapajani, akaileta usoni.

"Na mimi nikamwita mjinga," akasema. "Awuor. Awuor, nyathina, mwanangu. Nisamehe, mama yangu."

Alilia kwa muda mrefu, akimwita. Upande mmoja wa neti ulikuwa umeanguka sakafuni. Niliuokota nikaushika usichafuke, nikasimama pale nikingoja zamu yangu.